Nyanya na Maboga Karibu na Nyumba: Maelezo kwa Wakazi wa Kambi



Chakula cha mgao ni mahindi au unga, maharagwe, mafuta ya kupikia na chumvi. Kikitolewa kwa ukamilifu, hukusudiwa kumpa kila mtu kilokalori 2,100 kwa siku. Chakula hiki hushibisha, lakini hakina mboga za majani wala matunda. Tena mgao wenyewe haudumu jinsi ulivyo. Nchini Uganda, shirika la WFP lilianza mwaka 2023 kuwaweka wakimbizi katika makundi kufuatana na uhitaji wao, na mwaka 2025 idadi ya wanaopewa chakula ilipunguzwa sana kwa sababu ya ukosefu wa fedha.

Karatasi hii inaeleza jinsi ya kupanda mimea miwili ambayo familia inaweza kuitunza karibu na nyumba: boga na nyanya. Haihitaji shamba kubwa wala vifaa vya gharama. Inahitaji jembe, samadi, maji kidogo, na mtu wa kuiangalia kila siku.

MFANO WETU NI KISOKO

Kisoko ni gombolola katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, si mbali na mipaka ya Malaba na Busia. Jirani yake ni Mulanda. Wengi wa Wakenya waliokimbia fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wanaijua Mulanda vizuri. Maelfu ya watu walivuka mpaka mwezi wa Januari 2008 kupitia Malaba na Busia, na wengi wao wakapelekwa katika kituo cha muda cha Mulanda. Waliobaki huko walihamishiwa makazi ya Kiryandongo, magharibi mwa nchi.

Tunaichukua sehemu hii kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, hali yake ya hewa inafanana na ya sehemu nyingi za Uganda na Kenya ya magharibi. Mvua huja mara mbili: ya kwanza kuanzia Machi mpaka Juni, ya pili kuanzia Agosti mpaka Novemba. Udongo wake ni wa kichanga, unalimika kwa urahisi lakini haushiki maji wala rutuba kwa muda mrefu. Pili, waliokaa Mulanda hawakujua watakaa muda gani. Hilo ndilo swali la kila mtu aliye kambini: je, nikipanda leo, nitakuwa hapa siku ya kuvuna?

KWA NINI MBOGA?

Mwili hauishi kwa unga na maharagwe peke yake. Katika miaka ya 1980, ugonjwa wa kiseyeye ulizuka katika kambi za wakimbizi nchini Somalia, Ethiopia na Sudan. Fizi zilivimba na kutoka damu, viungo vikauma, watu wakashindwa kutembea. Watu hao walipata nafaka, lakini hawakupata vitamini C, ambayo hutoka katika matunda na mboga mbichi. Mwaka 1990, maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata ugonjwa mwingine, pelagra, kwa sababu ya kutegemea mahindi karibu peke yake baada ya karanga kukosekana katika mgao wao. Pelagra huletwa na upungufu wa vitamini nyingine, na dawa yake si boga wala nyanya. Tunaitaja ili ieleweke kwamba tumbo linaweza kujaa na mwili bado ukaumwa kwa kukosa chakula cha aina mbalimbali.

Boga la manjano na majani yake yana vitamini A kwa wingi. Mtoto anayekosa vitamini hii hushindwa kuona vizuri jioni, huugua mara kwa mara, na anaweza kupofuka kabisa. Nyanya ina vitamini C, ambayo pia husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na majani. Kwa hiyo maharagwe yaliyopikwa pamoja na nyanya huwa na faida zaidi kuliko maharagwe matupu.

UTAVUNA LINI?

Hesabu siku kabla ya kupanda. Muda huu ni wa kukadiria, kwa sehemu zenye joto kama Tororo na Busia:

- Majani ya boga: wiki 5 mpaka 6 tangu kupanda mbegu.
- Maua ya boga na maboga machanga: miezi 2 mpaka 3.
- Nyanya: wiki 4 katika kitalu, kisha miezi 2 na nusu mpaka 3 baada ya kuhamisha miche.
- Boga lililokomaa: miezi 4 hivi, aina nyingine 5.

Ukijua utakaa kwa miezi miwili tu, panda boga kwa ajili ya majani. Mtu aliyepanda mbegu mwanzo wa mvua za Machi anakula majani kabla Aprili haijaisha. Ukihamishwa kabla ya maboga kukomaa, umekwisha kula majani ya wiki nyingi, na jirani atakayebaki atavuna kilichobaki. Ukihamishwa baada ya kuvuna, boga zima ni mzigo unaosafiri vizuri, na mbegu zake huingia katika kitambaa kidogo.

MAHALI PA BUSTANI

Chagua mahali panapopata jua angalau saa 6 kwa siku. Usipande chini ya mti mkubwa wala katika mfereji wa maji ya mvua. Kaa mbali na choo, hasa upande wa chini ambako maji machafu yanaweza kutiririka. Acha nafasi ya mita moja au mbili kati ya mtambaao wa maboga na ukuta wa nyumba. Majani mazito yaliyogusa ukuta huwaficha panya na nyoka.

Kabla ya kulima, muulize kiongozi wa mtaa kama kuna mpango mwingine kwa eneo hilo. Njia ya jirani, njia ya kwenda bombani na nafasi ya kuzuia moto kati ya nyumba zisifungwe na bustani.

Kama huna nafasi, tumia gunia kuukuu, ndoo iliyotoboka au karai bovu. Katika kambi za Dadaab na Kakuma, Kenya, familia nyingi zimelima mboga katika magunia yaliyojazwa udongo na samadi. Mnyanya mmoja hukaa vizuri katika chombo cha lita 20. Toboa matundu chini ili maji yasituame.

MAJI

Wakati wa dharura, kiwango cha chini cha maji kinachotumika ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 kwa kiwango hicho hupata lita 90, ambazo ni kidogo zaidi ya jerikeni nne. Bustani isichukue maji ya kunywa.

Hesabu ni hii. Mnyanya mmoja wakati wa kiangazi unahitaji lita 1 hivi kwa siku, na zaidi kidogo unapobeba matunda. Shimo moja la maboga linahitaji lita 5 kila baada ya siku mbili. Kwa hiyo minyanya 12 na mashimo 3 ya maboga hutumia jerikeni moja kwa siku. Maji hayo yanaweza kuwa yale yaliyokwisha kutumika: ya kuoshea mboga, ya kuoshea mchele au maharagwe, ya kuogea, na ya kusuuza nguo.

Kumbuka:
- Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo usimwage bustanini.
- Maji yaliyotumika mwaga chini ya shina, yasiguse majani wala matunda.
- Mwagilia asubuhi mapema au jioni.
- Funika udongo kwa nyasi kavu au majani makavu ya migomba. Matandazo hayo huzuia jua kukausha udongo. Yasiguse shina lenyewe.

KUPANDA MABOGA

1. Chimba shimo lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 45. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine.

2. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, kiasi cha debe moja, pamoja na majivu kidogo ya jikoni. Rudisha shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi, kwa hiyo iache ioze kwanza kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Kinyesi cha binadamu kisitumike.

3. Mvua ikianza kunyesha vizuri, panda mbegu 3 katika kila shimo, kina cha sentimita 3 hivi. Zitaota katika siku 5 mpaka 10. Zikiwa na majani matatu, acha miche miwili yenye nguvu na ung'oe mmoja.

4. Umbali kati ya shimo na shimo uwe mita 2 na nusu mpaka 3. Kama nafasi ni ndogo, elekeza mtambaao kwenye ua, au juu ya kichanja imara.

5. Palilia mpaka majani yafunike ardhi. Baada ya hapo magugu hayana nguvu tena.

Kuchuma majani. Chuma majani laini na ncha za matawi ya pembeni. Usikate ncha ya mtambaao mkuu kama unataka maboga, na usichume zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja. Ikiwa una mashimo matatu, moja litenge kwa ajili ya majani tu na mawili yaachie matunda. Hivyo watoto hawatakula boga kabla halijazaliwa.

Maua. Wengi hulalamika kwamba boga lao limetoa maua mengi na yote yameanguka. Boga lina maua ya aina mbili katika shina moja. Ua dume lina kikonyo chembamba kirefu, na ndilo hutangulia kutokea. Likianguka usiogope, hiyo ndiyo kawaida yake. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Hili lisipopata unga wa ua dume, kiboga huwa cha manjano, kinasinyaa na kuanguka. Kazi ya kupeleka unga hufanywa na nyuki. Penye nyuki wachache, ifanye wewe: chuma ua dume lililofunguka asubuhi mapema, ondoa petali zake, kisha papasa unga wake ndani ya ua jike. Ua jike hufunguka kwa asubuhi moja tu, kwa hiyo usichelewe mpaka jua likawa kali.

Matunda. Acha maboga mawili au matatu kwa kila mtambaao. Weka nyasi kavu au kigae chini ya kila boga lisiguse udongo wenye maji. Boga limekomaa kikonyo kikikauka na kuwa kigumu, na ukucha ukishindwa kutoboa ganda. Likate pamoja na kikonyo cha sentimita 5. Boga lisilo na kikonyo huoza upesi. Lianike siku chache, kisha liweke mahali pakavu penye hewa, juu ya kichanja. Boga zima lisilo na jeraha hukaa miezi miwili mpaka mitatu, na mengine zaidi. Hii ni akiba ya wakati mgao umechelewa.

KUPANDA NYANYA

Nyanya inataka uangalizi zaidi ya boga. Mvua nyingi huiletea magonjwa ya majani, na kiangazi kikali huangusha maua yake. Katika sehemu kama Kisoko, wakati mzuri ni kusia mbegu mvua zikiwa zinaelekea kupungua, yaani Mei au Oktoba, ili matunda yaive wakati wa jua na wewe umwagilie kwa mkono.

Aina zinazopatikana madukani ni nyingi. Moneymaker hurefuka na huhitaji mti wa kuegemea. Cal J, Roma na Rio Grande ni fupi, na ganda lake ni gumu, kwa hiyo huvumilia kusafirishwa sokoni.

1. Kitalu. Tengeneza tuta dogo la upana wa mita moja. Changanya udongo na samadi iliyooza. Chora mistari kila baada ya sentimita 15, kina cha sentimita 1, na utie mbegu mojamoja. Funika kwa udongo mwembamba na nyasi kavu. Mwagilia taratibu. Mbegu zikianza kuota, siku ya 6 mpaka ya 10, ondoa nyasi na uweke kivuli chepesi juu.

2. Kuzoesha miche. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli polepole. Mche uliozoea jua haufi shambani.

3. Kuhamisha. Miche ikiwa na wiki 4, urefu wa sentimita 10 mpaka 15, ihamishe wakati wa jioni. Mwagilia kitalu kwanza ili mizizi itoke na udongo wake. Tia konzi mbili za samadi katika kila shimo. Nafasi ni sentimita 60 kwa 60. Mistari miwili ya minyanya sita hutosha familia kuanzia. Mche uingie udongoni mpaka karibu na majani yake ya kwanza, kwa maana shina lililofukiwa hutoa mizizi mipya.

4. Kuegemeza. Funga mnyanya mrefu kwenye fito kwa kitambaa laini, fundo lisiubane. Fito zisitoke katika miti ya wenyeji bila ruhusa. Mabua ya mtama au mahindi yaliyofungwa matatumatatu hufaa, na kamba iliyofungwa juu ya ua hufaa pia.

5. Kupogoa. Kwa nyanya ndefu, ondoa machipukizi yanayoota katikati ya jani na shina. Kwa nyanya fupi, usiyaondoe. Kwa zote, ondoa majani ya chini yanayogusa udongo, kwa sababu magonjwa mengi hupandia hapo.

6. Maji. Mwagilia chini ya shina, kwa kiasi kilekile kila siku. Tunda lenye doa jeusi lililozama kwenye kitako halina mdudu. Limekosa madini ya kalisi kwa sababu maji yalikuja kwa vipindi, leo mengi na kesho hakuna. Matandazo na maji ya kila siku hupunguza tatizo hilo.

Mnyanya uliotunzwa vizuri unaweza kutoa kilo 1 mpaka 3. Chuma mara mbili kwa wiki. Nyanya zinazoanza kugeuka rangi zitaivia ndani ya nyumba, na hazitaliwa na ndege wala wezi.

WADUDU NA MAGONJWA

Kagua bustani kila asubuhi, pamoja na upande wa chini wa majani. Mengi yanazuilika kwa mikono.

Mche umekatwa usiku karibu na udongo. Ni kiwavi anayejificha ardhini. Chimbua kando ya mche utamkuta amejikunja. Muue. Zungushia kila mche mpya ukanda wa karatasi ngumu.

Vidukari na mbawakawa kwenye majani machanga ya boga. Nyunyiza majivu makavu asubuhi kukiwa na umande, au maji ya mwarobaini: twanga majani, loweka usiku mzima, chuja, tia sabuni kidogo, kisha nyunyiza jioni. Rudia baada ya mvua.

Maboga machanga yanaoza na ndani yana funza. Ni nzi wa matunda. Okota yote yaliyoharibika na uyafukie kwa kina cha nusu mita. Ukiyaacha juu ya ardhi unafuga nzi wa kesho. Kiboga kipya kifunge kwa karatasi au kitambaa kikuukuu baada ya ua kunyauka.

Majani ya nyanya yana mabaka ya kahawia au meusi yanayoenea upesi wakati wa mvua. Ni ugonjwa wa baka. Kata majani yenye ugonjwa, yachome, na uache hewa ipite kati ya mimea. Usishike mimea ikiwa na maji.

Majani ya nyanya yana njia pana zilizokauka kama karatasi, na matunda yana matundu madogo. Ni kiwavi wa nondo aitwaye Tuta absoluta, aliyeingia Afrika ya Mashariki katika miaka ya 2010. Ondoa majani hayo mapema na uyachome. Usiache minyanya mizee shambani baada ya mavuno.

Mnyanya umenyauka wote ghafla ukiwa bado wa kijani. Kata shina karibu na udongo, litumbukize katika gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mmea na uuchome, osha jembe, na usipande hapo nyanya, biringanya, pilipili wala viazi ulaya kwa miaka mitatu au zaidi. Mahindi yanaweza kupandwa.

Hata pasipo ugonjwa, usirudie nyanya mahali pamoja msimu hadi msimu.

Onyo kuhusu dawa za sumu. Usinunue dawa inayouzwa kwa kijiko au katika chupa isiyo na maandishi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si dawa ya mboga. Ukitumia dawa ya dukani, soma idadi ya siku za kungoja kabla ya kula, na uzifuate. Chupa tupu isitumike kwa maji wala mafuta hata ikioshwa.

MBEGU ZA KESHO

Kwa boga, chagua tunda zuri lililokomaa kabisa, toa mbegu, osha, anika kivulini mpaka zivunjike ukizikunja. Onja nyama ya boga kwanza. Boga lililo chungu lisiliwe na mbegu zake zisipandwe, maana uchungu huo ni sumu inayoumiza tumbo.

Kwa nyanya, chagua tunda kutoka mmea usio na ugonjwa. Kamulia mbegu na maji yake katika kikombe, acha siku mbili au tatu mpaka utando uchachuke, osha, na uzianike kwenye sahani. Mbegu za dukani zilizo chotara hazitatoa mimea inayofanana na mama yake, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Weka mbegu zilizokauka katika chupa yenye kifuniko, na majivu kidogo. Andika jina na tarehe.

JIKONI

Majani ya boga, ambayo Waluo huyaita susa na Waluhya seveve, yamenywe nyuzi kwanza, yakatwe na kupikwa kwa muda mfupi. Usitie magadi mengi, kwa sababu huharibu vitamini. Tia mafuta kidogo ya mgao au karanga zilizosagwa. Vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupewa boga lililopondwa pamoja na maziwa ya mama. Mbegu zisitupwe: zikaange, zina mafuta na protini.

UJIRANI NA WENYEJI

Samadi iko kwa wenye ng'ombe, na wenye ng'ombe ni wenyeji. Omba au badilishana, usichukue. Mwenyeji ndiye anayejua mvua ya mahali pale na mbegu inayostahimili. Kuna wenyeji ambao mbuzi wao wataingia bustanini mwako. Jenga ua wa miiba kabla ya kupanda, na mbuzi akiingia usimpige mawe. Mpeleke kwa kiongozi wa mtaa. Ugomvi wa mbuzi mmoja unaweza kuwa ugomvi wa kambi nzima na kijiji.

MASWALI YANAYOULIZWA

Nikilima bustani, mgao wangu utapunguzwa?
Bustani ya mboga kando ya nyumba ni nyongeza ya chakula, haichukui nafasi ya unga na maharagwe. Ukiambiwa vinginevyo, uliza katika ofisi ya malalamiko ya kambi yako.

Je, ardhi ni yangu?
Hapana. Nchini Uganda mkimbizi aliye katika makazi hupewa kiwanja akitumie, mara nyingi siku hizi mita 30 kwa 30, lakini hawezi kukiuza. Mazao yaliyomo ni yako, na unaweza kuyala au kuyauza.

Mimi ni mgonjwa, siwezi kulima.
Shimo moja la maboga linahitaji kuchimbwa mara moja tu. Waombe vijana wa mtaa wakuchimbie. Kumwagilia na kuchuma majani ni kazi nyepesi.

Nianze na nini?
Anza na mashimo mawili ya maboga mvua ikianza. Ukiona yameshika, tayarisha kitalu cha nyanya.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani. Asiyejua kusoma, msomee. Ukiwa na swali lisilojibiwa hapa, mwone mfanyakazi wa kilimo wa kambi yako, na umpelekee jani au tunda lenye tatizo ili alione.